Kuaga Kazi ya Miaka Mingi
Somo la redio kwa vikundi vya elimu ya watu wazima, Issuna

Somo letu la leo lahusu mtu anayemwaga mwajiri aliyemtumikia kwa miaka mingi, na hasa fundi wa programu za kompyuta. Najua baadhi yenu mtauliza: Sisi watu wa Issuna, wakulima wa alizeti na mtama, kazi hiyo yatuhusu nini? Yatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, wako vijana wetu waliosoma wakaenda kuifanya kazi hiyo mijini. Pili, kila mtu anayepokea fedha kwa simu, au ambaye jina lake limeandikwa katika kompyuta ya hospitali, anaitegemea kazi ya fundi ambaye hajapata kumwona kwa macho. Fundi huyo akiondoka vibaya, hasara yaweza kutufikia mpaka hapa.

Tuanze na kazi yenyewe. Programu ni maagizo yaliyoandikwa kwa utaratibu, ambayo kompyuta huyafuata kama yalivyo, bila kuongeza wala kupunguza. Unapotoa fedha kwa wakala, programu hutazama salio lako, hulipunguza, huongeza la wakala, kisha hukupelekea ujumbe. Pakiwa na kosa katika agizo moja tu, mtu atapunguziwa mara mbili, na mwingine hatapata kitu. Kwa hiyo fundi haandiki programu mara moja akaiacha. Huirekebisha mwaka hadi mwaka, kwa sababu sheria hubadilika, kodi hubadilika, na watu huongezeka. Baada ya miaka kumi anajua kwa nini agizo hili liliwekwa hapa na lile likaondolewa pale. Ujuzi mwingi wa namna hii haukuandikwa popote. Umo kichwani mwake.

Warina asali wa mkoa wetu watalielewa jambo hili upesi. Mzee ana mizinga ya magogo thelathini, ameitundika porini katika miti anayoijua yeye. Anajua upi una nyuki wakali, na upi usiguswe mpaka mvua zipite. Mzee huyo akihama bila kumpitisha mwanawe mti kwa mti, mizinga itabaki juu na asali itakuwamo ndani, lakini nyumbani watakaa bila asali. Hakuna aliyeiba, wala hakuna aliyekusudia ubaya. Kilichokosekana ni siku chache za kutembea pamoja.

Msidhani huu ni mfano wa porini tu. Mwezi Aprili mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, watu wengi sana wa Marekani walipoteza kazi wakaomba msaada wa serikali kwa wakati mmoja. Katika jimbo la New Jersey, maombi hayo yalipita katika kompyuta zenye programu za zamani, zilizoandikwa kwa lugha ya COBOL, lugha iliyotungwa mwaka 1959. Mafundi wengi waliozijua programu za namna hiyo walikuwa wamekwisha kustaafu. Gavana wa jimbo hilo, Phil Murphy, alisimama hadharani akaomba watu wanaoijua COBOL wajitolee kusaidia. Nchi ile ni tajiri, lakini utajiri haukuwarudisha kwa siku moja watu waliokuwa wameondoka na ujuzi wao.

Sasa tazameni mfano wa pili, ulio karibu nasi. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot karibu na Eldoret, nchini Kenya, Chuo Kikuu cha Moi pamoja na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani viliweka programu ya kutunza habari za wagonjwa. Kutokana na kazi hiyo, mwaka 2004 ilianza programu nyingine iitwayo OpenMRS. Maandishi yake yaliachwa wazi, mtu yeyote aweza kuyasoma, kuyatumia na kuyarekebisha. Leo inatumika katika nchi nyingi. Fundi mmoja wa kazi hiyo akiondoka, mwingine hufungua maandishi akaendelea, kwa sababu tangu mwanzo watu walijua kwamba kazi itapita katika mikono mingi.

Hapa Tanzania ufundi huu bado ni mchanga. Kompyuta ya kwanza iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na kwa muda mrefu zilikuwa chache. Huduma ya M-Pesa ilianza kwetu mwaka 2008. Mwashi au mhunzi ana babu zake waliomwonyesha namna ya kuianza kazi na namna ya kuiacha. Fundi wa programu hana wazee wengi wa kuwauliza. Ndiyo sababu yafaa tuyazungumze mambo haya pamoja.

Basi, tuseme kijana wa hapa amemtumikia mwajiri mmoja kwa miaka kumi na miwili, naye ameamua kuondoka. Jambo la kwanza analopaswa kufikiri ni vitu atakavyoviacha. Navyo ni vitatu.

Kwanza, aache maandishi. Aandike kwa lugha nyepesi programu inafanya nini, inakaa katika kompyuta ipi, huharibika wapi mara kwa mara, na hutengenezwa vipi. Asiandike sifa zake. Aandike hata sehemu mbovu, maana hizo ndizo zitakazomsumbua mwenzake usiku wa manane.

Pili, aache mtu. Maandishi peke yake hayatoshi, kama vile karatasi yenye majina ya miti isivyotosha kwa mrina asali. Amkalishe mwenzake kwenye kiti, amwache afanye kazi mwenyewe, yeye akae pembeni atazame. Mwenzake akikwama na kuuliza, hapo ndipo panapojulikana kitu ambacho hakikuandikwa.

Tatu, aache funguo. Maneno yote ya siri ayakabidhi, na mwajiri ayabadilishe siku ile ile. Jambo hili humlinda fundi mwenyewe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 yahesabu kuwa ni kosa kuingia katika kompyuta kwa makusudi bila haki. Aliyeondoka hana haki tena ya kuingia, hata kama nia yake ni kusaidia tu. Kadhalika asichukue orodha ya wateja wala habari za wagonjwa. Habari hizo zina wenyewe, nazo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Sasa tuje kwenye vitu atakavyovichukua, kwa sababu haki ina pande mbili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yasema kwamba mfanyakazi wa mshahara wa mwezi, aliyekwisha kuupita mwezi wa kwanza kazini, atoe taarifa ya maandishi ya siku zisizopungua 28. Mkataba waweza kutaka siku nyingi zaidi, kwa hiyo ausome kwanza. Ana haki ya kulipwa mshahara wa siku alizofanya kazi, na kupewa cheti cha utumishi. Tena, kabla ya kuondoka, atazame kama michango yake ya NSSF imepelekwa yote, mwezi kwa mwezi. Michango hiyo kwa jumla ni asilimia 20 ya mshahara wake, na miezi iliyorukwa ni rahisi kuidai akiwa bado yumo kazini.

Yako malipo yaitwayo kiinua mgongo, ambayo hesabu yake haipungui mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, mpaka miaka kumi. Hapa wengi hukosea. Sheria imeyaweka malipo hayo kwa mtu ambaye mwajiri ndiye aliyeikatisha ajira yake, baada ya kutimiza miezi 12 kazini, nayo huondolewa kwa aliyefukuzwa kwa haki kwa utovu wa nidhamu. Aliyeandika barua mwenyewe ya kuacha kazi hawezi kuyadai kwa sheria hiyo, isipokuwa mkataba wake umesema hivyo. Ni vyema kijana alijue jambo hili kabla hajawaahidi jamaa zake bati za nyumba.

Limebaki jambo ambalo halimo katika sheria yoyote, nalo ni kuipima miaka iliyopita. Mwenye kujenga nyumba ya mawe aweza kurudi baada ya miaka thelathini akaigusa. Fundi wa programu hana faraja hiyo. Programu aliyoitolea ujana wake yaweza kuzimwa mwaka mmoja baada ya yeye kuondoka, ikawekwa mpya, na hakuna atakayelikumbuka jina lake. Wengine hufika hapo wakasema, Miaka yangu imepotea. Nami nasema, wapime kwa kipimo kingine. Kwa muda programu ile ilipokuwa ikifanya kazi, je, watu walilipwa haki yao? Mama aliyefika na mtoto mgonjwa alipata kadi yake upesi, au alikaa mpaka jioni? Mambo hayo yalikwisha kutendeka, na kuizima kompyuta hakuyafuti. Kisha aulize: Ni wangapi walioujua ufundi huu kwa sababu nilikaa nao? Hao wataandika programu nyingine ambazo yeye hatazijua, na ndani yake utakuwamo mkono wake.

Mwisho naomba niseme neno kwa wazazi. Kijana akirudi nyumbani akasema ameacha kazi, sisi huuliza mara moja: Umefukuzwa? Umeiba nini? Swali hilo limewafanya wengine wakae mahali pasipowafaa kwa miaka mingi, kwa kuogopa maneno ya kijijini. Wengine wameondoka kwa siri, haraka haraka, bila kukabidhi chochote, ili habari isiwafikie wazee kabla ya wakati. Basi tubadilishe swali. Tumuulize: Umemwonyesha nani mizinga yako? Akiweza kumtaja mtu huyo, mpeni maji ya kunywa, aketi, aseme anakokwenda.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Katika kikundi chenu cha akiba au chama chenu cha ushirika, ni kazi ipi ambayo mtu mmoja tu ndiye anayeijua? Akihama mwezi ujao, mtafanya nini?

2. Kwa nini fundi aliyeondoka asibaki na neno la siri, hata kama ni mtu mwaminifu?

3. Kijana wa miaka kumi na miwili kazini ataka kuacha kazi ili aanze yake mwenyewe. Andikeni mambo manne ambayo ayatazame kabla ya kupeleka barua.

Kwaherini, hadi somo lijalo.