Minnesota: Dhoruba Hazisubiri Kura

Tarehe 15 Desemba mwaka 2021, vimbunga viliikumba Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani. Desemba huko ni mwezi wa theluji. Jimboni humo haikuwahi kurekodiwa kimbunga katika mwezi huo.

Siasa nazo zilikwisha kubadilika. Mwaka 2007 gavana Tim Pawlenty, wa chama cha Republican, alitia saini sheria iliyolenga kupunguza gesi zinazoongeza ujoto duniani kwa asilimia 80 ifikapo 2050. Miaka miwili baadaye John Kline wa chama hicho hicho, mbunge aliyeuwakilisha mji wa Lakeville, kusini mwa Minneapolis, aliupinga mjini Washington mswada wenye shabaha kama hiyo kwa nchi nzima. Ulipita kwa kura 219 dhidi ya 212, lakini ukafia katika Seneti.

Mwaka 2023 Minnesota iliamua umeme wake uzalishwe bila hewa ya ukaa ifikapo 2040. Katika Seneti ya jimbo kura zilikuwa 34 dhidi ya 33. Kilichopatikana kwa kura moja chaweza kupotea kwa kura moja, ilhali mitambo ya umeme hujengwa ili idumu miongo kadhaa.