FOSFETI NA MGONJWA WA FIGO
(Maongezi ya muuguzi kwa wanakijiji)



Leo tuzungumze juu ya fosfeti. Ninyi wakulima mnaijua. Ni madini yaliyomo katika mbolea ya Minjingu. Mahindi yanaihitaji. Sisi watu pia tunaihitaji ili mifupa iwe imara. Tunaipata katika chakula. Ikizidi, figo huitoa kwa mkojo.

Je, figo zikishindwa kazi? Mgonjwa husafishwa damu kwa mashine. Kwa kawaida huenda mara 3 kwa wiki, kila mara kwa muda wa saa 4. Lakini figo nzima hufanya kazi usiku na mchana. Mashine haiwezi kuitoa fosfeti yote. Inayobaki hujaa katika damu. Mwili huwasha. Mifupa hudhoofu. Mishipa ya damu hukakamaa, na moyo huumia.

Kaka yangu alikuwa hivyo. Alijikuna hadi kutoka damu. Majirani wakasema karogwa. Shemeji, kwa upendo, akampikia dagaa na kumpa maziwa kila siku ili apate nguvu. Kumbe fosfeti ilikuwa ikiingia hapo hapo! Dagaa tunamla na mifupa yake. Vidonge navyo alivimeza usiku, wakati wa kulala.

Sasa sikilizeni. Vidonge vile hunasa fosfeti ya chakula tumboni, ikatoka chooni. Basi vimezwe pamoja na chakula. Akivimeza tumbo tupu, vitanasa nini?

Dagaa, maziwa, maini na karanga, mgonjwa apewe kidogo tu. Soda nyeusi aiache kabisa. Ina fosfeti iliyotiwa kiwandani, na hiyo huingia mwilini karibu yote. Soseji na nyama za kopo vilevile. Lakini msimnyime chakula cha kujenga mwili, atakonda. Ute mweupe wa yai unafaa, maana fosfeti yake ni kidogo. Kiasi cha kila chakula ataambiwa hospitali, baada ya kupimwa damu.

Siku hizi kaka hajikuni sana. Shemeji humwekea vidonge kando ya sahani, kama chumvi.

Basi, mgonjwa wa figo akiwashwa, msikimbilie kwa mpiga ramli. Mwulizeni kwanza: Umekula nini? Na vidonge, umevimeza na chakula? Kisha mpelekeni hospitali.