Kisian na Njia Zilizoukuza Mji wa Kisumu

Msafiri atokaye Kisumu kwa barabara ya Busia hupita uwanja wa ndege, kisha soko la Otonglo, na baada ya mwendo mfupi hufika Kisian. Hapo barabara hugawanyika. Moja yapanda Maseno na kwenda hadi mpaka wa Uganda. Nyingine yashika mkono wa kushoto kuelekea Asembo na Bondo. Reli ya Butere nayo yapita papo hapo. Atakaye kujua jinsi mji wa Kisumu ulivyokua, na jinsi ulivyopungukiwa, aweza kusimama kwenye njia panda hiyo na kutazama vipitavyo.

Ni kosa kudhani kuwa mji uliletwa na gari la moshi. Yasemekana jina Kisumu latokana na neno la Kijaluo lenye maana ya mahali pa kutafuta chakula kwa kubadilishana. Watu wa pwani ya ziwa na watu wa milimani walikutana huko, mwenye samaki akapata nafaka, na mwenye nafaka akapata alichokosa. Soko lilikuwako, reli ililikuta.

Reli hiyo ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwani mwezi wa Desemba 1901 baada ya maili zipatazo 580. Kituo chake cha mwisho kiliitwa Port Florence. Wakati huo upande huu wa ziwa ulihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda, na mwaka 1902 ndipo ulipotiwa katika nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya. Lakini meli ya kwanza ilitangulia reli. Hiyo ni William Mackinnon, iliyoletwa kutoka Uingereza vipande vipande. Kwa kuwa reli ilikuwa haijafika, vipande vingi vilibebwa na wapagazi vichwani, milima na mabonde, hadi ufukoni, ambako viliungwa tena na meli ikashushwa majini mwaka 1900. Majina ya wapagazi hao hayakuandikwa ubavuni mwa chombo chochote. Kisha zikafuata Winifred, Sybil na Clement Hill.

Faida ya mji ilitoka katika jambo moja dogo: kwamba gari la moshi haliogelei, wala meli haipandi mlima. Pamba na ngozi za Uganda zilifika kwa meli, zikashushwa gatini, zikapakiwa katika mabehewa ya kwenda Mombasa. Kila robota lilipita mabegani mwa mtu, na kila bega lilitaka ujira, na mwenye ujira alitaka unga, nguo na pa kulala. Maduka, maghala na karakana za meli zilizaliwa hapo. Hata Chicago, mji mkubwa wa Marekani, ulikua hivyo hivyo, palipokutana ziwa na reli. Huko Miwani, katika nyanda za mashariki, kiwanda cha sukari kilianza katika miaka ya 1920.

Mwaka 1930 reli iliendelezwa kupitia Kisian, Maseno, Luanda na Yala hadi Butere. Wakulima wa njia hiyo wakapata kituo karibu na mashamba yao. Lakini mwaka uliofuata, yaani 1931, reli kubwa iliyopitia Nakuru na Eldoret ilifika Kampala. Tangu siku hiyo mzigo wa Kampala haukulazimika tena kuliona ziwa. Kisumu, iliyokuwa mwisho wa njia kuu, ikawa mwisho wa tawi. Mwaka huo huo ndege za kutoka Uingereza zilianza kutua hapo. Ni heshima, ila ndege zile hazikubeba pamba.

Katika miaka ya 1960 zilikuja meli Umoja na Uhuru, ambazo hubeba mabehewa yenyewe juu ya maji. Kazi ikawa nyepesi, na mabega machache yakahitajiwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, biashara ya bandari ilidhoofika sana, na katika miaka ya 1990 gugu maji likaziba ghuba ya Winam. Kiwanda cha nguo cha Kicomi, kilichokuwa tegemeo la familia nyingi, kilifungwa katika miaka hiyo hiyo. Viwanda vya samaki vilistawi kwa kukata minofu ya mbuta na kuipeleka Ulaya. Mifupa ilibaki, na akina mama wa Obunga wakaikaanga na kuiuza kwa jina la mgongo wazi. Jina hilo laeleza habari ya viwanda vile kuliko vitabu vya hesabu.

Kisian haikukosa sehemu yake. Katika barabara hiyo kilianza kujengwa, mwishoni mwa miaka ya 1970, kiwanda cha kugeuza molasi ya sukari kuwa spiriti. Kikasimama miaka mingi kabla ya kuanza kazi katika miaka ya 2000. Kisian yenyewe ina kituo cha KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, na wataalamu wake waliichunguza malaria katika vijiji vya Asembo, ambako vyandarua vyenye dawa vilijaribiwa katika miaka ya 1990. Na shamba lililo kando ya lami huulizwa bei kabla ya kuulizwa mavuno.

Mwaka 1994 bomba la mafuta lilifika Kisumu, na malori yakaanza kuyachukua na kwenda nayo Uganda kupitia Busia. Mwaka 2019 meli Uhuru ilirudi kazini, ikibeba mafuta hadi Port Bell. Mabehewa kama 20 kwa safari moja. Desemba 2021 gari la abiria nalo lilirudi Kisumu kutoka Nairobi. Mabaharia na watu wa bandari walishangilia, nao wana haki. Lakini mama achomaye mahindi katika njia panda ya Kisian huwauzia madereva wa malori, na behewa lipitalo majini halisimami kununua hindi.