Meza ya Chai Kando ya Banda la Ndege

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Nilipoombwa niseme machache juu ya urubani, nilidhaniwa nitawaeleza vijana namna ya kupata leseni. Hayo mtayapata kwa mwalimu wa urubani, naye atawatoza kwa saa. Mimi sikuwa rubani wa kazi. Siku tano za juma nilikuwa karani wa bima. Siku ya sita nilikodi Cessna 172 na kuwa mtu mkubwa kwa muda wa saa moja. Siku hizi macho yamenikatalia, sirushi tena. Basi nitasema juu ya kitu ninachokikumbuka kuliko kuruka kwenyewe, nacho ni maongezi.

Kiwanja chetu kilikuwa Wilson, Nairobi. Kiliitwa Nairobi West mpaka mwaka 1962, kikapewa jina la Bibi Florence Kerr Wilson, aliyeanzisha shirika la Wilson Airways mwaka 1929. Kando ya banda moja la ndege palikuwa na meza ya mbao, birika la chai na sahani ya mandazi. Hapo tulikaa watu watano: mwalimu wa hesabu, daktari wa meno, mkulima wa kahawa, mimi, na fundi mmoja mzee wa injini ambaye hakuwa na leseni ya kurusha hata tiara. Huyo ndiye aliyekuwa mwenyekiti wetu, ingawa hakuna aliyemchagua.

Msidhani tulizungumza habari za angani tu. Tulizungumza bei ya matairi, karo ya shule, ng'ombe aliyekataa kukamuliwa, na zaidi ya yote motokaa zetu kuukuu. Mimi na mkulima tulikuwa na Peugeot 404, na hatukumwachia mtu asahau kwamba gari hilo lilishinda mashindano ya Safari mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Daktari alikuwa na Volvo, naye alitujibu kwa jina moja tu: Joginder Singh, mwaka 1965. Hapo chai ilipoa.

Lakini fundi alikuwa na tabia ya kutoa somo la ndege katika hadithi ya gari. Siku moja mkulima alilalamika kwamba Peugeot yake, baada ya kurekebishwa karabureta huko Mombasa, ilifika Limuru ikitoa moshi mweusi na kukosa nguvu. Fundi akacheka. Alisema injini hula hewa kama inavyokunywa petroli, na kadiri unavyopanda hewa huwa nyepesi. Pale Wilson, juu ya futi 5,500, injini ya kawaida imekwisha kupoteza karibu sehemu moja katika sita ya nguvu iliyokuwa nayo pwani. Ndege ina kishikio chekundu cha kupunguza petroli ili ilingane na hewa; gari la mkulima halikuwa nacho, ndiyo maana lilishiba petroli na kukohoa moshi. Kisha akatugeukia: "Na jua la mchana je?" Joto nalo huipunguza hewa. Siku yenye nyuzi 26, ndege ya Wilson huenda kana kwamba imesimama juu ya mlima wa futi 8,000. Ina viti vinne, ndiyo, lakini ukijaza watu wanne wanene na matangi yote mawili, utaumaliza uwanja wote kabla hujaachana na ardhi.

Siku nyingine mwalimu wa hesabu alijishtaki mwenyewe. Kabla ya kuruka, rubani huchuruza petroli kidogo chini ya tangi na kuitazama katika kikombe cha kioo. Maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini, nawe utaona mstari. Tangi likilala nusu tupu usiku wa baridi, unyevu hugeuka maji ndani yake. Mwalimu alichuruza, akatazama, hakuona mstari wowote, akasema safi. Fundi alikuwa akipita. Akachukua kikombe, akanusa, akamrudishia bila neno. Petroli ya ndege zetu hutiwa rangi ya buluu. Ile ya mwalimu ilikuwa nyeupe kama ya kisimani. Hakuona mstari kwa sababu kikombe kizima kilikuwa maji! Mtu mwenye shahada ya hesabu alitusimulia hayo mbele ya mandazi, na hakuna aliyemcheka. Tangu siku hiyo sikuchuruza petroli bila kuinusa.

Vijana, sasa nafika kwenye jambo lililonileta.

Mwezi wa Julai 1983 nililetewa habari kwamba baba yangu amezidiwa, huko nyumbani karibu na Kisumu. Kwa ndege ni mwendo wa saa moja na nusu hivi. Nilifika Wilson alfajiri. Wanaoijua Nairobi ya Julai wanajua lile wingu la kijivu linalofunika mji kama blanketi. Leseni yangu iliniruhusu kuruka kwa macho tu, yaani mahali ninapoiona ardhi. Saa mbili wingu liliinuka kidogo, nikaondoka.

Nilipoelekea Ngong, vilima vile vya karibu futi 8,000 vilikuwa vimevaa wingu mpaka magotini. Niliona upenyo mmoja, kama mlango ulioachwa wazi. Nikauendea. Upenyo ukaanza kufumba. Kwa muda mfupi, pengine sekunde kumi, sikuona kitu ila weupe. Mtu asiyefunzwa, akiwa ndani ya wingu, hudanganywa na masikio yake mwenyewe: huhisi amekaa sawa, kumbe ndege inageuka na kushuka. Nikaipindua kurudi nilikotoka, nikaiona ardhi, nikatua Wilson na miguu ikitetemeka.

Mezani niliwaeleza yote, pamoja na zile sekunde kumi. Hakuna aliyenisifu. Mkulima alisema naye aliwahi kufanya hivyo, na daktari akasema mara mbili. Fundi aliuliza jambo moja tu: "Peugeot ina mafuta?"

Niliondoka kwa barabara saa nne. Baada ya Nakuru gari likaanza kukohoa. Nikafungua karabureta kando ya njia, nikakuta, mtanisamehe, maji. Mvua ikanikuta Kericho. Nilifika nyumbani saa mbili usiku. Baba alikuwa amekata roho saa saba mchana.

Fanyeni hesabu. Kama ningepita ule mlango wa wingu salama, ningemkuta hai, na nasikia aliniulizia. Kwa miezi kadhaa sikwenda Wilson. Niliwaona wale wenzangu kama watu waliokula njama na woga wangu. Sikuthubutu kumwambia mama, mpaka siku moja nikamwambia. Alikuwa akichambua maharage. Hakuinua kichwa. Akasema, "Mwanangu, siku ile nilizika mmoja." Kisha akaendelea na maharage yake.

Jumamosi iliyofuata nilirudi mezani. Fundi alinimiminia chai na kuniuliza habari za gari.

Bwana Mwenyekiti, sitaki kuwadanganya vijana hawa kwamba aliyeamua vema hulipwa papo hapo. Mimi niliamua vema, nikamkosa baba yangu. Deni hilo sijalimaliza kulipa. Lakini nililijua jambo la kufanya kwa sababu watu wanne waliokwisha kukosea walikuwa wamenisimulia makosa yao waziwazi, kati ya bei ya matairi na habari za ng'ombe. Katika shule hii tulifundishwa kuficha kosa mpaka mwalimu alione. Ninyi tafuteni meza ambayo mtu anaweza kusema, "Jana nilifanya upumbavu," akasikilizwa mpaka mwisho. Mkiikosa, iwekeni wenyewe. Inahitaji birika, sahani ya mandazi, na mzee mmoja asiyecheka ovyo.

Na kabla ya kuondoka leo, wenye magari kuukuu kule uwanjani, chunguzeni matangi yenu. Usiku wa jana ulikuwa wa baridi.