Ordinateri yetu imekufa: mambo ya kutayarisha kabla ya kuirudisha

Maneno ya komite mbele ya mkutano mkuu



Wengi wenu mmepita biro mkauliza: «Mashini mpya imefika, juu ya nini kazi haianze?» Mko na haki ya kuuliza. Kuna familia mbili zinazongoja msaada wa matanga, na daftari la kotizasio bado limefungika. Basi tuwaelezee.

Ordinateri ya zamani ilikufa juu ya kurant iliyokuwa inakatika na kurudi kwa nguvu. Fundi aliifungua, akasema disiki yake haisomeki tena. Ndani mlikuwa na kotizasio, mikopo, na picha za karatasi zenu: fomu za kurudi kutoka Tanzania, vyeti vya watoto waliozaliwa Nyarugusu na Lugufu, barua za parsele. Karatasi zingine zilishapotea; ile picha ndiyo imebaki.

Tushukuru, kopi ziko, za namna mbili. Ya kwanza ni mafaili tuliyokuwa tunaweka kwenye fulashi kila Ijumaa. Ya pili ni picha nzima ya disiki, pamoja na programu ya hesabu na mipangilio yote. Hiyo tuliifanya mwezi wa 12 kwa Clonezilla, tukaiweka kwenye disiki ya nje. Mashini mpya iko tupu, kama parsele isiyo na nyumba. Mafaili ni vyombo vya nyumbani. Picha nzima ni nyumba yenyewe, kuta na mabati.

Sasa hatari iko wapi? Kurudisha picha kunafuta kila kitu kwenye disiki inayoipokea. Ukikosea ukachagua disiki ya nje mahali pa ile ya mashini, umefuta kopi yenyewe. Na sisi picha hiyo tulikuwa nayo moja tu. Ni kosa la komite, tunalikubali mbele yenu.

Ndiyo maana tumetayarisha hivi:

1. Tumenunua disiki ya nje ya pili, tukanakili yote. Moja itakaa biro, nyingine mbali na biro. Tulioona mafuriko ya Uvira mwezi wa 4 mwaka 2020 tunajua: vyote vikikaa nyumba moja, maji yanabeba vyote.

2. Tumeomba Clonezilla ikague picha, ikajibu kwamba inaweza kurudishwa. Ukaguzi huo tungeufanya tangu mwezi wa 12. Kopi ambayo haijajaribiwa ni matumaini tu.

3. Tumepima disiki. Ya zamani ilikuwa ya GB 500. Mashini mpya ilikuja na ya GB 256. Vitu vyetu havijazi hata GB 60, lakini Clonezilla kwa kawaida inaangalia ukubwa wa disiki ya zamani, na inakataa ndogo kuliko ile. Muuzaji ametubadilishia kwa GB 1000, tukaongeza pesa kidogo.

4. Tumetengeneza fulashi ya kuwashia, sababu mashini tupu haiwezi kujifungua yenyewe. Tumeijaribu: imewaka, na imeona disiki na klavye.

5. Tumeangalia namna ya kuwaka. Ya zamani ilikuwa inawaka kwa BIOS, mpya ilipangwa kwa UEFI. Zisipopatana, mafaili yatakuwemo lakini mashini haitawaka. Bahati nzuri, mpya bado inakubali njia ya zamani.

6. Maneno ya siri na namba za leseni ziko kwenye daftari la karatasi. Programu inaweza kuona mashini imebadilika, ikaziomba upya.

7. Kurant ya mji hatuiamini kwa kazi hii. Mwanamemba mmoja anatuazima batiri zake za sola. Kazi ikikatika katikati, inabidi kuanza upya.

Kazi ni Jumamosi. Watu wawili watakuwa mbele ya mashini: mmoja anasoma kwa sauti jina na ukubwa wa disiki, mwingine anabonyeza. Picha ikishaingia, tutaweka juu yake mafaili ya Ijumaa ya mwisho.

Lakini siku nne zilizofuata Ijumaa ile, hadi mashini ilipokufa, haziko popote isipokuwa kwenu. Aliyelipa siku hizo alete karneti na risiti yake. Mama, usiseme «yangu ni faranga kidogo». Zile familia mbili mhazini atazipokea kwanza, na karneti zao, hata kabla ya Jumamosi.

Marafiki wafadhili, msaada wenu ndio umelipa disiki ya pili. Kuanzia sasa, kila miezi mitatu tutajaribu kurudisha kopi, na matokeo mtayasoma katika raporo.