Mmoja Akiugua, Wapimwe Wote

Msikilizaji, kijana wa miaka 14 anabadilishiwa miwani kila baada ya miezi michache, na bado maandishi ya ubaoni yana vivuli, taa za usiku zinamtawanyikia. Nyumbani anaambiwa aache simu. Siku akipimwa vizuri inaonekana ana keratokonasi: konea, kioo cha mbele ya jicho, inakonda na kuchongoka. Anaandikiwa miwani nyingine, familia inaondoka. Hakuna aliyeuliza ana ndugu wangapi.

Hilo ndilo linalonisumbua. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2000 ulikadiria kwamba mzazi, mtoto au ndugu wa mgonjwa yumo hatarini mara 15 hadi 67 kuliko watu wengine. Mwaka 2021 wanasayansi walilinganisha vinasaba vya wagonjwa zaidi ya 4,600 na vya watu zaidi ya 116,000 wasiougua, wakabaini sehemu 36 zinazohusika. Baadhi yake zinagusa kolajeni, nyuzi zinazoipa konea uimara. Kwa wagonjwa wengi, basi, hakuna jeni moja ya kulaumiwa. Ni nyingi, kila moja ikichangia kidogo. Ukoo wa baba usiunyooshee kidole ukoo wa mama.

Na vinasaba havifanyi kazi peke yake. Mtoto mwenye mzio macho humwasha, huyafikicha asubuhi na jioni, na konea iliyo dhaifu tangu kuzaliwa hulemewa. Mzio unatibika. Ila tafadhali, mzazi, usijinunulie dukani matone ya steroidi kwa sababu yalimsaidia jirani. Yakitumiwa ovyo huleta presha ya macho na mtoto wa jicho.

Kwa watoto ugonjwa hukimbia kuliko kwa watu wazima, ndiyo maana kungoja kunawagharimu. Yapo matibabu ya kuuzuia: konea hutiwa matone ya riboflavini, yaani vitamini B2, kisha humulikwa kwa mionzi ya urujuanimno ili nyuzi zake zikaze. Nchini Uingereza matibabu hayo yalijaribiwa kwa wagonjwa wa miaka 10 hadi 16. Matokeo ya 2021 yalionyesha kuwa ugonjwa uliendelea kwa asilimia 7 ya waliotibiwa hivyo, na kwa asilimia 43 ya waliopata huduma ya kawaida. Lakini matibabu haya hulinda kilichobaki; uoni uliokwisha kupotea hayaahidi kuurudisha.

Najua mashine ya kuchora ramani ya konea haipo kila wilaya, na bei yake inaumiza. Hata hivyo, mtaalamu mwenye retinoskopu, kifaa kidogo cha mkononi, anaweza kuona mwanga ndani ya jicho ukifunguka na kujifunga kama mkasi, akajua nani apewe rufaa. Kwa hiyo siku ya kliniki, mgonjwa asiende peke yake. Wadogo zake na wakubwa zake waende naye, hata wale wanaosema wanaona vizuri.