Hesabu ya Jumlisha na Toa
(Maneno ya mwanachama mmoja kwenye karamu yetu ya mwaka)

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu, wenzangu tuliosoma hapa, na ninyi vijana ambao bado mnaamshwa na kengele ile ile:

Nimepewa dakika chache. Kamati yetu inakusudia kuwalipia ada vijana wawili wa timu ya mpira wa kikapu, na imependekezwa wachaguliwe kwa hesabu ya jumlisha na toa. Naomba kueleza kwa nini siungi mkono hesabu hiyo ikisimama peke yake.

Yenyewe ni nyepesi. Mchezaji akiingia matokeo yakiwa 40 kwa 40, akatoka mkiongoza 52 kwa 45, huandikiwa jumlisha 7. Mkizidiwa, huandikiwa toa. Ilianzia kwenye hoki ya barafu huko Amerika ya Kaskazini, kisha ikahamia mpira wa kikapu. Uzuri wake ni kwamba humkumbuka hata asiyefunga: yule anayemkaba mfungaji wa upande wa pili, au anayeziba njia ili mwenzake apate nafasi.

Lakini wote watano waliomo uwanjani huandikiwa alama moja. Msimu wa 2015–16, Golden State Warriors walishinda michezo 73 kati ya 82. Aliyeongoza kwa hesabu hii alikuwa Draymond Green, akimpita Stephen Curry, ingawa wapiga kura wote walimchagua Curry kuwa mchezaji bora wa mwaka. Kila mmoja alipita jumlisha 1,000. Je, nani alimbeba mwenzake? Hesabu haisemi, maana muda mwingi walikuwa uwanjani pamoja.

Wataalamu wamejaribu kuirekebisha kwa kuzingatia mchezaji alicheza na nani na dhidi ya nani. Imesaidia, lakini hutaka michezo mingi sana, na wawili wasioachana uwanjani ni vigumu kuwatenganisha. Sisi hapa tunacheza michezo mingapi kwa mwaka? Haifiki hata ishirini. Kwa michezo michache hivyo, mitupo mitatu ya bahati hugeuza toa kuwa jumlisha.

Sasa niungame. Zamani nilikuwa kocha wa timu ya shule, siyo hii. Kijana mmoja alikuwa na toa karibu kila mchezo, nikamwondoa. Hakubisha. Alirudisha fulana yake imefuliwa na kukunjwa. Likizo ilipofika nililipitia daftari upya, nikaona nilikuwa nikimwingiza kila mara wachezaji wetu hodari wanapopumzika, hali wale wa wapinzani bado wamo. Kumbe ile toa ilikuwa yangu, si yake. Nilimfuata, nikamwomba arudi. Alinishukuru kwa adabu, wala hakucheza tena.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, sisemi daftari litupwe. Nasema kando ya kila alama ziandikwe dakika alizocheza kijana, wenzake aliokuwa nao, na wapinzani waliokuwapo. Kisha kocha aulizwe, na wachezaji wenzake waulizwe, kwani wao wanajua ni nani wanayetaka awe karibu mchezo unapokuwa mgumu. Ada ya mtoto wa mtu si jambo la kuamuliwa kwa alama moja ya kalamu.